Bastola Isiyopakwa Mafuta

Mlango ulikuwa umetiwa komeo, na nyuma yake Nirdesh alikaa sakafuni akifanya kazi ambayo angeweza kuifanya akiwa amefumba macho. Alikuwa ametandika taulo safi mapajani, na juu ya taulo ililala bastola yake ya hewa, mpini wa mbao, mtutu mrefu mwembamba, na mtungi wa hewa chini ya mtutu. Alichukua kipande cha sufu iliyoshindiliwa, kidogo kama punje ya dengu, akakisukuma taratibu kutoka nyuma ya mtutu mpaka kikatokeza mbele. Kilitoka cha kijivu. Akasukuma cha pili, nacho kikatoka cheupe kiasi. Hapo akaacha.

Mtu asiyejua angeendelea kusugua mpaka mtutu ung'ae, na hapo ndipo angeuharibu. Bastola ya hewa haina baruti, haina masizi. Mtutu wake hupenda kubaki na utando mwembamba wa risasi zilizotangulia, ili kila inayofuata ipite njia ileile. Ukiusafisha mno, utapiga risasi thelathini za bure kabla haujatulia. Ukiutia mafuta, basi tena; risasi moja itakwenda kwa kasi hii, ya pili kwa kasi ile, nawe utabaki kuulaumu mkono.

Alichovya ncha ya kijiti cha meno kwenye grisi nyeupe, akagusa pete ya mpira pale mtungi unapofunga, kisha akafuta hata kile kidogo alichoweka. Akajaribu skrubu za mpini moja moja. Zote zilikuwa zimekaza. Kesho kutwa, huko Faridabad, risasi sitini zingeamua kama angeingia timu ya jimbo la Haryana au angerudi nyumbani kama alivyorudi mwaka jana.

"Nirdesh!" Sauti ilitoka uani, sauti iliyozoea gwaride. "Watu wanangoja."

Ilikuwa asubuhi ya Dasehra, siku ambayo kila nyumba pale kijijini hutoa silaha zake zibarikiwe. Mwenye sauti alikuwa Harphool Singh, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye yeye alimwita Tau. Huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa sajini mstaafu, miaka ishirini na minne akitunza ghala la silaha la kikosi chake, na mpaka leo wanaume wenzake walimwita Havildar kama walivyomwita alipokuwa na sare.

Tuseme haki: bila Tau, Nirdesh asingeijua bastola. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, wazee walikuja kulalamika kwamba binti wa ukoo anapanda basi kwenda mjini akiwa amevaa suruali ya michezo. Tau alisimama langoni, akawaambia, "Anayeona aibu afumbe macho." Ndiye aliyeuza nyati wawili wa maziwa ili ile bastola inunuliwe. Ndiye aliyekaa kwenye benchi nyuma yake katika kila shindano, mgongo wima, bila kusema neno. Ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu. Adui angeambiwa zamani.

Mwaka jana, siku kama hii, Tau aliichukua bastola mbele ya watu, akaipaka samli na mafuta ya haradali, akaitia nukta nyekundu ya baraka. Hayo tu yangevumilika. Lakini mikono ya mtunza ghala haijui kuishia nje. Akazungushia kitambaa kwenye fimbo yake ya chuma, akakilowesha haradali, akakisukuma mtutuni kwenda na kurudi mpaka mtutu ukameta. "Silaha isiyopakwa mafuta ni ya maiti," alisema, kama alivyokuwa akiwaambia askari wake. Nirdesh alitazama na kunyamaza. Nani angemkatiza Tau mbele ya ukoo mzima? Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Wahenga hao hawakuwahi kumiliki bastola ya hewa.

Siku mbili baadaye, Faridabad, alilenga kumi akapata saba. Akalenga kumi tena akapata kumi, halafu sita, halafu tisa, bila mpango wala sababu. Alama mia tano arobaini na tisa kati ya mia sita. Nafasi ya mwisho kwenye timu ilichukuliwa na mtu wa mia tano sitini na sita.

Aliporudi aliifungua bastola peke yake. Alisukuma vipande vya sufu, vikatoka vya manjano, vinanata, vinanuka jikoni. Pete ya mpira ilikuwa imeshikwa na utomvu wa mafuta yaliyokauka, akaipata imechanika. Siku hiyo alilia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake. Mkono wa msichana ulitetemeka, walisema, moyo wa msichana ni moyo wa msichana. Rajbir, binamu wa mbali wa marehemu baba yake, ambaye Nirdesh alimwita Chacha, yaani baba mdogo, kila alipomwona akipita alitikisa kikombe chake cha chai mpaka chai ikamwagika, na waliokuwepo wakacheka. Lakini kilichomkaa Nirdesh kooni ni Tau. Tau alimwekea mkono kichwani, akasema kwa upole, "Mkono ulitetemeka, binti. Hutokea. Hata askari hutetemeka." Mtu anakupiga ngwala, kisha anakupa pole kwa kuanguka.

Alijaribu kumweleza, mara mbili. Mara ya kwanza Tau alicheka. Mara ya pili hakucheka. "Bunduki mia nne zilipita mikononi mwangu," alisema. "Leo unanifundisha mafuta?" Tangu hapo donge lilibaki rohoni, mwaka mzima.

Mama yake, Bharpai, aligonga mlango kwa vidole viwili akaingia, upande wa shela umeshafunika uso kwa sababu alikuwa anatoka uani aliko Tau. Mke wa mdogo mtu hamwonyeshi uso shemeji mkubwa, wala hasemi naye moja kwa moja. Miaka ishirini na tatu Bharpai alikuwa hajamwambia Tau neno lolote ambalo halikupitia kwa mtu mwingine.

"Sema iko kwa kocha," mama alimnong'oneza. "Sema ameichukua kuikagua. Siku ipite."

"Nikidanganya leo, mama, mwaka kesho nitadanganya tena. Na mkono uliotetemeka utabaki kuwa wangu mpaka nife."

"Watu wamejaa huko nje."

"Hao ndio walionicheka. Wacha wawepo."

Mama alimtazama kitambo. "Umerithi kichwa cha baba yako," alisema. "Naye alikuwa haelewi maana ya kunyamaza." Lakini alimwekea sawa shela mabegani na kumfungulia mlango.

Uani palikuwa na wanaume kama ishirini, kila mmoja na vichipukizi vya shayiri nyuma ya sikio, dada zao wamewapachika asubuhi hiyo. Kiko cha maji kilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Katikati kulikuwa na kitanda cha kamba kilichofunikwa kitambaa chekundu, na juu yake bunduki ya mitutu miwili ya babu, upanga, mashoka, miundu mitatu, na spana kubwa ya trekta, maana siku hizi hata spana ni silaha. Vyote vilikuwa vimeshapakwa, vinameta. Katikati palikuwa pameachwa nafasi ya kiasi cha mikono miwili. Tau alisimama kichwani mwa kitanda, kilemba cheupe, bakuli la haradali mkononi, ile fimbo ya chuma kwapani.

Nirdesh alikuja na sanduku lake. Hakuliweka chini.

"Fungua, binti," Tau alisema, na usoni alikuwa na furaha ya kweli. "Nafasi yako hiyo hapo. Nimekuachia katikati."

"Nukta ya baraka nitaipokea mimi, Tau, hapa kwenye paji la uso. Bastola haitapakwa."

Tau alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Haitapakwa mafuta. Si haradali, si samli. Si leo wala mwaka kesho."

Rajbir alitoa kiko mdomoni. "Havildar, naona siku hizi amri zinatoka jikoni."

Walicheka. Tau hakucheka, wala hakupandisha sauti. Waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa. "Nirdesh. Silaha isiyolala kwenye kitanda hiki si silaha ya nyumba hii."

"Basi si ya nyumba hii. Ni ya mkono wangu."

"Mkono upi?" Rajbir alikinyanyua kikombe chake na kukitikisa. "Huu?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na Nirdesh alingoja kiishe. Akapiga moyo konde.

"Mkono wangu haukutetemeka," alisema. "Nilinyamaza mwaka mzima, leo nasema mbele yenu. Kilichoniangusha Faridabad ni mafuta. Yale uliyoyasukuma mtutuni kwa fimbo hiyo uliyonayo kwapani, Tau."

Kiko cha maji kilikuwa kinagugumia, kikanyamaza. Mbwa alipita katikati ya watu na hakuna aliyemfukuza.

"Unajua unasema na nani?" Tau aliuliza.

"Najua. Nasema na mtu aliyewaambia wazee hawa hawa kwamba anayeona aibu afumbe macho. Mimi nimejifunza kwako."

Alitoa kibiriti mfukoni, akakifungua, akamwaga vilivyomo kwenye kile kitambaa chekundu, palepale katikati alipoachiwa nafasi. Vipande sita vya sufu, vya manjano iliyokoza, vimekauka. Na pete ya mpira iliyochanika, imeganda utomvu.

"Hivi vilitoka mtutuni siku niliyorudi. Umetunza silaha miaka ishirini na minne, Tau. Nusa mwenyewe, uniambie ni nini."

Tau aliviangalia. Hakuinama.

"Maneno ya nini?" Rajbir alisema, na safari hii hakuwa anatania, alikuwa anataka tamasha. "Jambo rahisi hili. Bango la shabaha lile pale ukutani. Apige mara kumi ikiwa kavu. Havildar aipake. Apige kumi nyingine. Tutaona wote."

"Vyema," mmoja akaitikia, na wengine wakaanza kusogeza vitanda kutoa njia.

"Hapana," Nirdesh alisema.

"Unaogopa?"

"Chacha, wewe ukitaka kujua samli inafanya nini ndani ya injini, si trekta unalo? Nenda ukamimine. Hii ina kazi kesho kutwa."

Kicheko kililipuka, na mara hii kilimwangukia Rajbir. Hata mzee kiziwi aliyekaa pembeni alicheka baada ya kuelezwa. Rajbir alikunywa chai yake, ikampalia.

Lakini Tau hakuwa mtu wa kuokolewa na kicheko. Alikuwa ameaibishwa uani kwake, siku ya Dasehra, na mtoto aliyemlisha kwa mkono wake. Aliweka bakuli chini polepole.

"Ukitoka hapa nayo bila kupakwa," alisema, "mimi Faridabad siendi. Utakwenda peke yako, utalala huko peke yako, na benchi la nyuma litakuwa tupu. Fikiria kabla hujajibu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu alijua halikuwa tishio tupu. Tau akishasema, amesema. Na yeye hakuwahi kupiga risasi hata moja ya shindano bila mgongo ule wima nyuma yake. Pia hakuna binti pale kijijini aliyewahi kulala mji wa watu bila mkubwa. Machozi yalimjia, akayakataa.

"Nimefikiria," alisema.

Ndipo sauti ikatoka kizingitini mwa jiko, sauti ambayo wengi wa wanaume wale walikuwa hawajawahi kuisikia. Bharpai alikuwa amesimama pale, shela limemfika kidevuni, mikono ina unga.

"Nirdesh," alisema. "Mwambie Tau wako kwamba hutakwenda peke yako. Mwambie mimi nakwenda."

Tau alikuwa hatua nne tu kutoka alipo. Nirdesh alimgeukia, kama desturi inavyotaka.

"Tau, mama anasema atakwenda na mimi."

"Nimesikia," Tau alisema.

"Mwambie pia," mama aliendelea, "kwamba mikate ya mtama iko tayari, watu wasikae na njaa kwa ajili ya ugomvi wetu."

"Tau, mama anasema..."

"Nimesikia, nimesikia."

Nirdesh alipokea nukta yake nyekundu kutoka kwa kuhani aliyekuja kubariki silaha, maana Tau alikuwa amemgeuzia mgongo, akaondoka na sanduku lake. Vile vipande vya sufu aliviacha kitandani. Hakuwa na haja navyo tena.

Bharpai hakuwahi kufika mbali kuliko kijiji alichozaliwa. Ndani ya basi alilishika sanduku mapajani kwa mikono miwili, akakataa kumpa kondakta aliyetaka kuliweka juu. Ukumbini Faridabad aliketi kwenye benchi la nyuma, akafunika uso, akatazama kulia na kushoto kutafuta ni mkubwa gani wa kumfichia uso. Hakumwona hata mmoja. Akaliteremsha shela mabegani na kukaa uso wazi, mara ya kwanza mbele za watu tangu alipoolewa.

Nirdesh alisimama kwenye mstari. Alipiga risasi zake za majaribio, zikashikana karibu karibu, kushoto kidogo. Akazungusha kilenga kidogo, zikaingia katikati. Bastola ilikuwa inasema kitu kilekile kila mara, na hicho ndicho mtu anachoiomba bastola.

Sasa alielewa jambo ambalo hasira ilikuwa imemficha mwaka mzima. Mtutu ulikuwa mkavu. Pete ilikuwa nzima. Kama leo angeshindwa, hapakuwa na haradali ya kulaumu. Rajbir angetikisa kikombe mpaka uzeeni na angekuwa na haki. Alikuwa amemkana Tau mbele ya ukoo kwa ajili ya mkono huu, na mkono ulikuwa hauna tena pa kujificha. Jasho lilimtoka kiganjani. Alilifuta, akainua bastola.

Raundi ya kwanza alipata tisini na sita. Ya pili tisini na tano. Katika ya tatu alipiga nane, na kabla hajaangalia kioo cha alama alishajua, kwa kuwa alisikia kidole kikiharakisha kifyatulio. Hiyo nane ilikuwa yake. Hakuna aliyemtilia mafuta. Aliiteremsha bastola, akapumua mara nne, akaendelea. Tisini na tatu. Halafu tisini na sita, tisini na tano, na ya mwisho tisini na sita tena, risasi ya sitini ikiwa kumi ya katikati kabisa.

Mia tano sabini na moja. Wa sita kati ya wanane waliochukuliwa.

Mama hakujua kuhesabu alama za shabaha, ila aliona majina yakibandikwa, akamwomba msichana mmoja amsomee la sita. Kisha akakaa palepale chini kwenye sakafu na kuanza kumenya machungwa, kwa kuwa hakujua mikono yake aifanyie nini.

Simu ya mama ililia. Bharpai alipoona jina, aliisukuma haraka kwa bintiye, akavuta shela usoni kana kwamba simu ina macho.

"Ngapi?" Tau aliuliza. Hakusalimu.

"Mia tano sabini na moja. Wa sita. Nimeingia, Tau."

Nirdesh alisikia nyati akilia kwa mbali, na mlio wa pampu ya maji.

"Mwaka jana zilikuwa ngapi?"

Alizijua. Kijiji kizima kilizijua. Lakini aliuliza, na alistahili kujibiwa.

"Mia tano arobaini na tisa."

"Watu walipoondoka, nilivinusa vile vipande," Tau alisema. "Nimevinusa na jana. Na leo asubuhi." Nirdesh akajua anapiga hesabu, polepole, kama alivyokuwa akihesabu bunduki zinazorudi ghalani jioni, ambapo hata moja ikikosekana hakuna anayelala. "Ishirini na mbili."

"Ndiyo."

"Basi hizo ishirini na mbili ni zangu."

Mama alikuwa amejua kinachosemwa, akawa anamtikisia kichwa bintiye: mwambie hapana, mwambie yamepita, mzee huyo. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa adabu pia. Nirdesh alimpenda Tau wakati ule kuliko siku zote za maisha yake, na kwa sababu hiyo hakutaka kumdanganya.

"Ndiyo, Tau," alisema. "Ni zako."

Mzee alivuta pumzi.

"Haya," akasema. "Kesho mkifika, nitakuwa nimeshawaambia wote."